Pongezi kwa walimu wa Singida

Walimu wa Singida wanaowafundisha watoto kutenganisha taka wanastahili pongezi za dhati. Mji wao umekaa kati ya maziwa ya Singidani na Kindai. Mvua ikinyesha, taka za mitaroni husombwa kuelekea huko waliko heroe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini chupa bado zimejaa. Mwanafunzi anayetupia maganda ya vitunguu na majani makavu shimoni, akayageuza kwa jembe mpaka yawe mboji ya bustani, huyo somo limemwingia. Mashudu ya alizeti nayo hayatupwi, hulishwa mifugo. Mfano mzuri ulioje! Wazazi, tuwaunge mkono walimu hawa: tutenganishe taka nyumbani pia.