Waliopanga Hatua: Kutoka ENIAC hadi Vijiji vya Handeni na Korogwe

Mpe kishikwambi mtoto ambaye hajawahi kuingia darasani, usimwekee mwalimu, kisha subiri uone kama atajua kusoma. Jaribio hilo lilifanyika mkoani Tanga kuanzia mwishoni mwa 2017, katika wilaya kadhaa, zikiwemo Handeni na Korogwe. Lilikuwa sehemu ya shindano la programu za kujifunzia liitwalo Global Learning XPRIZE, likiendeshwa pamoja na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 wa miaka 7 hadi 11, katika vijiji takriban 170, walikaa na vifaa hivyo miezi 15. Kabla ya hapo zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Mwezi Mei 2019 programu mbili ziligawana tuzo kuu ya dola milioni 10: ya onebillion ya London, na Kitkit School ya Berkeley. Hii ya pili ilitoka kwa kampuni ya Enuma, aliyoianzisha Sooinn Lee pamoja na mumewe. Lee ni mbunifu wa michezo ya kompyuta kutoka Korea Kusini, na aliingia kwenye michezo ya kujifunzia baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu kazi ngumu ya jaribio hili ilikuwa kupanga hatua, na katika historia ya kompyuta waliopanga hatua mara nyingi wamesahaulika.

Tazama jinsi hatua zinavyopangwa. Kiswahili kina neema yake: herufi zake hazigeukigeuki sauti. Mtoto akishika a, e, i, o, u anaingia ba, be, bi, bo, bu, na papo hapo anaweza kusoma baba na bibi. Ugumu unakuja mbele. Kuna m ya mtoto, inayosimama yenyewe kama silabi. Kuna ng’ ya ng’ombe, ambayo si ng ya ngoma. Kuna mbwa, konsonanti tatu zikifuatana. Mwalimu akimwona mtoto amekunja uso kwenye mbwa, anamrudisha kwenye mba bila hata kufikiri. Programu haioni uso. Inajua tu kidole kimegusa wapi, na baada ya sekunde ngapi. Kwa hiyo lazima mtu aamue mapema: akikosea, arudishwe hatua gani? Asikie sauti ipi? Akipatia mara ngapi ndipo aruhusiwe kusonga?

Kazi ya namna hiyo ndiyo waliyopewa wanawake sita huko Philadelphia mwaka 1945: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Walikuwa wakikokotoa kwa mkono njia za makombora ya jeshi la Marekani, kazi ya saa 30 au zaidi kwa njia moja. Kisha wakaambiwa waifundishe ENIAC, kompyuta yenye balbu za elektroniki karibu 18,000, ifanye hesabu hiyo. Hapakuwa na lugha ya programu wala kitabu cha maelekezo. Walipewa michoro ya nyaya, na mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumba ilimokuwa mashine. Waliichambua michoro mpaka wakajua kila kipande kinafanya nini, wakaivunja hesabu katika hatua ndogondogo, kisha wakaipanga hatua kwa hatua kwa nyaya na swichi.

Snyder ndiye aliyetafuta namna ya kuisimamisha mashine katikati ya kazi, kwa kuchomoa waya, ili kosa lionekane pale lilipo. Waandishi wa programu wanatumia mbinu hiyo hadi leo. Baadaye, kwa kompyuta ya UNIVAC, alitunga amri zinazoandikwa kwa herufi, ili mtu asilazimike kukariri namba tupu.

ENIAC ilioneshwa hadharani Februari 1946. Hesabu iliyowashangaza wageni ilikuwa imepangwa na Snyder na Jennings, lakini hawakualikwa kwenye karamu ya usiku ule. Miaka ya 1980 Kathy Kleiman, akiwa bado mwanafunzi, aliuliza wanawake wa kwenye picha za ENIAC ni akina nani. Aliambiwa ni warembo waliowekwa kupamba mashine.

Sasa rudi Tanga. Jaribio lilisifiwa kwamba watoto walijifunza bila mwalimu. Ni kweli, lakini halikwenda bila mtu. Katika vijiji ambako umeme wa gridi haukufika, vituo vya sola vilijengwa na wanawake wa hapohapo wakapewa dhamana ya kuchaji vifaa. Taarifa za mradi ziliwaita mama, na mara nyingi ziliishia hapo. Kwangu mimi, hao ni sehemu ya mtambo kama ilivyo programu yenyewe. Betri ikiisha, somo limekwisha. Mtoto asipokuja kuchukua kifaa, hakuna hatua iliyopangwa Berkeley itakayomfikia.

Sharti la shindano lilikuwa programu za fainali ziachiwe huru, na zimewekwa mtandaoni. Leo mwandishi wa programu wa Tanga mjini anaweza kufungua Kitkit School, akasoma jinsi hatua zilivyofuatana, akabadilisha mfuatano wa silabi au kuongeza hadithi za Kizigua na Kisambaa. Hatua za akina mama hazimo humo: walipanga vipi zamu za kuchaji, walifanya nini mvua iliponyesha siku mfululizo, walimjuaje mtoto aliyeanza kukata tamaa. Kleiman aliwakuta wanawake wa ENIAC wakiwa wazee, akawarekodi wakisimulia wenyewe. Akina mama wa Handeni na Korogwe huenda bado wanakumbuka vizuri, na hakuna haja ya kungoja miaka 40. Chuo au wizara itakayotaka kurudia kazi hii ianze kwao, na iandike majina yao.