Kostimu, abakosi na jile: kwa biro za Goma tunamvalia nani?

Simama saa moja na nusu ya asubuhi kwa Rond-Point Tshukudu, angalia vijana wanaoenda kutafuta kazi. Utawatambua bila kuuliza. Kostimu nyeusi ya poliesta, shemizi nyeupe, kravati, farde ya karatasi kifuani, na wako juu ya moto. Kama mvua ilinyesha usiku, matope yanapanda mpaka magotini. Kama haikunyesha, ni vumbi ya volkano. Mtu akifika mbele ya sentineli, ile shemizi nyeupe iko tayari kijivu kwenye kola, na jasho limeshaanza mgongoni.

Mimi sina ugomvi na kostimu. Ikikatwa vizuri kwa kitambaa kizuri, inapendeza kuliko nguo nyingi. Ninachokosoa ni hii: tumeipokea kama alama ya akili bila kuichunguza hata siku moja. Kwa iniversite tulifundishwa kuchunguza udongo, mbegu, bajeti ya mradi. Nguo tunayovaa masaa nane kwa siku, hapana.

Na nchi hii ilishawahi kujaribu kitu kingine. Baada ya Kongo kuitwa Zaïre, Oktoba 1971, Mobutu alileta abakosi. Jina lenyewe ni Kifaransa kilichokatwa, à bas le costume, yaani kostimu ianguke. Kravati ikakatazwa. Mkubwa wa serikali akatakiwa kuvaa viste inayofungwa mpaka karibu na shingo, bila shemizi na kravati ndani, pengine na foulard tu. Kulikuwa ya mikono mirefu na ya mikono mifupi.

Tuihukumu kama nguo, tuweke siasa pembeni dakika moja. Wazo halikuwa baya! Nguo moja badala ya tatu. Shingo inapumua. Fundi wa mtaa anaweza kuishona kwa pamba, na ikichafuka inafuliwa nyumbani, haihitaji presingi. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye biro isiyo na klimatizeri, ile nguo ilikuwa na akili kuliko kostimu ya Ulaya.

Lakini siasa haikai pembeni muda mrefu. Abakosi za wakubwa wengi zilitoka Ubelgiji, kwa nyumba ya Arzoni. Kupinga nguo ya mkoloni kwa kuagiza nguo kwa mkoloni, eh! Na wanawake hawakuulizwa kitu: suruali ilikatazwa, kikwembe kikawa sheria. Nguo nzuri ikilazimishwa na polisi inakuwa iniformu, na iniformu mtu anaivua siku ya kwanza anapopata nafasi. Siku hiyo ilifika tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele. Katika hotuba ileile Mobutu alifungua vyama vingi na akaruhusu kravati. (Papa Wemba, aliyefanya mavazi ya kifahari yawe dini ya vijana wakati abakosi ingali sheria, alifariki Abidjan tarehe hiyohiyo, 24 Aprili, mwaka 2016. Historia yetu ya nguo ina mizaha yake.)

Njo maana wazee wetu wanapenda kravati. Kwao kravati ni uhuru: waliinyimwa, kisha wakaipata. Sisi tuliozaliwa nyuma ya 1990 tumerithi kravati bila kurithi sababu. Kwetu imekuwa tu kodi ya kuingilia mlangoni.

Jirani nao hawajamaliza huu ubishi. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alikataza suti ya Kaunda bungeni, wakati Rais Ruto mwenyewe alikuwa anaivaa karibu kila wiki. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda mavazi rasmi ya bunge. Rasmi kwa nani? Wajapani, ambao hakuna anayewaita wavivu, mwaka 2005 serikali yao iliwaambia wafanyakazi waache kravati na viste wakati wa joto, ili klimatizeri iwekwe digri 28 na umeme upungue. Hakuna biro iliyoanguka.

Hapa Goma tuna nguo ya tatu ya mamlaka: jile ya ONG. Mifuko minane, logo mgongoni. Ukweli ni kwamba kama nguo ya kazi imefikiriwa vizuri kuliko kostimu: karneti, bic, telefone, vyote viko mahali pake. Lakini angalia namna tunavyoivaa mpaka kwenye ndoa na kwenye bar. Ile si tena nguo ya kazi, ni kitambulisho cha mshahara wa dola. Na asiye na jile anakimbilia kostimu, juu ya kuonyesha kwamba yeye pia ni mtu.

Kwa wadada ni vibaya zaidi, na hapa sitacheka. Mdada mmoja wa promosyo yetu, ingenia wa agronomia, alienda kuulizwa kwa kazi ya terena upande wa Masisi. Alivaa suruali safi ya kitambaa, shemizi, viatu vya chini. Wakamwambia hajavaa "kama mwanamke wa biro". Kazi yenyewe ilikuwa ya kupanda milima na buti za mpira! Wangemtaka na jipe ya kubana na talo, nguo ambayo juu ya moto inakulazimisha kukaa upande, mguu mmoja hewani, kwa barabara ya mawe. Kisha tunashangaa kwa nini ajali zinawaumiza. Mtu akikataa suruali ya mwanamke leo, aseme wazi kwamba anafuata sheria ya Mobutu.

Basi tuvae nini? Mimi naona hivi. Shemizi mbili za pamba, za rangi ya buluu au kijivu chepesi, kwa sababu nyeupe na vumbi ya Nyiragongo haviishi pamoja. Suruali moja yenye nafasi kwenye paja. Viatu vya ngozi vyenye soli nene ya mpira. Soli nyembamba inaliwa na lava ndani ya miezi michache, na fundi wa viatu anakula pesa yako. Viste, kama lazima, ikae kwenye mfuko mpaka ufike. Tafuta kwanza kwenye balo, Birere au Virunga, lakini usome etiketi ndani: pamba au sufu ununue, poliesta tupu uache hata kama muuzaji anaapa. Halafu peleka kwa fundi apunguze mabega. Kostimu ya balo iliyorekebishwa inashinda mpya ya dukani inayoning'inia.

Kwa wadada, libaya na suruali ya kikwembe kilekile, iliyokatwa wima na mfuko wa kweli unaoingia telefone. Fundi atasema mfuko unaharibu shepu. Mwambie aushone.