Nimeionja Circom: Umri Umethibitika, Tarehe Imebaki Siri

Jamani, kitu hiki kinafanya kazi! Kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, hapahapa Dodoma, na ukishakipakua huhitaji tena bando.

Circom ni lugha huria ya kuandika sakiti za hisabati. Mwenziwe, snarkjs, ndiye anayetoa uthibitisho. Unaingiza tarehe ya kuzaliwa, unapata uthibitisho kwamba umetimiza miaka 18. Anayehakiki anaona jibu moja tu: kweli. Siku, mwezi, mwaka, haoni hata kimoja! Na kwa njia ya Groth16, uthibitisho mzima ukifungashwa vizuri hauzidi baiti 256. Goldwasser, Micali na Rackoff walilitoa wazo hili la kuthibitisha jambo bila kufichua siri yake mwaka 1985. Leo linakimbia mezani kwangu.

Kwa nini nimepagawa? Itazame namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, waziwazi. Sasa kumbuka umeiandika mara ngapi kwenye daftari la gesti msimu wa Bunge, huku ukizisoma za wageni waliokutangulia. Hata muuza mvinyo wa dompo, kama angejali kuuliza umri (tuseme kweli, wangapi huuliza?), hana haja ya kujua ulizaliwa lini.

Je, blokucheni inahitajika hapa? Wenzangu wa sarafu za kidijitali mnisamehe: taarifa zenyewe zisipelekwe huko kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatoa nafasi ya taarifa zisizo sahihi kurekebishwa au kufutwa, na blokucheni haifuti kitu. Itunze tu funguo za umma za watoa vitambulisho, za kuhakikia saini zao, mtu asizichezee kimyakimya. Inatosha.

Kasoro ipo, tena kubwa: tarehe niliyoingiza niliiandika mwenyewe. Ningeweza kudanganya! Sakiti inakagua hesabu, haijui nilizaliwa lini. Kinachotakiwa ni saini ya kidijitali ya aliyetoa kitambulisho. India wameshaanza: msimbo wa QR wa kitambulisho chao cha Aadhaar umesainiwa, na mradi wa Anon Aadhaar unajenga uthibitisho juu ya saini hiyo. Pasipoti zetu za kielektroniki, zilizozinduliwa Januari 2018, nazo zina chipu yenye saini.

Ombi langu ni dogo. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) waanze na vitambulisho vya wanafunzi: chuo kisaini, mwanafunzi athibitishe kwamba ni mwanafunzi, basi, bila jina wala namba ya usajili. Vijana wa kuandika sakiti hizo wako kilimani palepale.