Biskuti za Cialdini na petroli ya Rohero
Katika kitabu chake Influence (1984), Robert Cialdini anaeleza jaribio la mwaka 1975: biskuti ikitolewa kwenye chupa yenye mbili tu ilipendwa kuliko ileile kwenye chupa yenye kumi. Uhaba, anasema, huvuruga fikra. Nakubali nusu. Hapa Rohero, petroli ilipoadimika mwaka 2024, aliyejaza tangi kila alipopata nafasi hakudanganywa na tangazo. Foleni za jana zilimfunza. Kweli, kila mtu akiweka akiba, foleni hurefuka na uhaba huzidi. Lakini kitabu kinachungulia kichwani mwa mnunuzi, hakichungulii ghalani. Hofu hii haiponi kwa mawaidha. Hupona lori la mafuta likifika siku iliyoahidiwa.