Kofia Isiyohitaji Pini

Mafundi wa kofia za kike wa Paris wanastahili pongezi, na Caroline Reboux awe wa kwanza kupewa. Yeye ndiye anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wa kloshi, ile kofia yenye umbo la kengele iliyotamba miaka ya 1920.

Kabla ya hapo mabibi wa Ulaya walibeba kichwani masinia ya maua na manyoya ya ndege, yaliyoshikizwa kwa pini ndefu. Kloshi iliyafagia yote. Felti, mara nyingi ya manyoya ya sungura, hulainishwa kwa mvuke, huvutwa juu ya kalibu ya mbao hadi ishike umbo, kisha ukingo hupunguzwa kwa mkasi. Reboux alisifika kwa kuikunja na kuikata felti kichwani mwa mteja mwenyewe. Ujasiri ulioje! Katika kofia tupu namna hiyo, mkato uliopinda hauna ua la kuuficha.

Ilikaa vizuri juu ya nywele fupi, na mitindo hiyo miwili ikabebana. Ukingo ulishuka hadi kwenye nyusi, hivyo mvaaji alilazimika kuinua kidevu ili aone njia. Walioita hayo maringo, nadhani, hawakuwahi kuivaa.

Lilly Daché, aliyejifunza kwa Reboux, aliupeleka ufundi huo New York. Reboux alifariki mwaka 1927, kloshi ikiwa bado kileleni. Miaka michache baadaye kofia ndogo za kuinamishwa upande zikachukua nafasi yake.