Inchi 3 za Reli, Siku 2 za Kazi

Hadi Mei 1886, behewa lililopakiwa Chicago lisingefika Atlanta bila kusumbuliwa njiani. Reli nyingi za kusini mwa Marekani zilikuwa na upana wa futi 5, desturi iliyoanzia South Carolina miaka ya 1830, na kaskazini wengi walifuata futi 4 na inchi 8½. Njia hizo zilipokutana, vibarua walihamisha mzigo kutoka behewa hadi behewa, au behewa zima liliinuliwa, magurudumu yake yakavutwa nje na mengine yakasukumwa chini yake. Yalikuwapo pia mabehewa ya magurudumu mapana, lakini yaliweza kuvuka tofauti ndogo tu za upana. Hayo yalilaumiwa kwa ajali nyingi.

Februari 1886 wakuu wa makampuni ya reli ya kusini walikutana Atlanta wakakubaliana mambo mawili: upana mpya uwe futi 4 na inchi 9, na kazi ifanyike tarehe 31 Mei na 1 Juni. Upana huo ulikuwa wa Pennsylvania Railroad, mshirika mkubwa wa biashara kaskazini, na ile nusu inchi iliyozidi haikuzuia magurudumu ya wengine kupita. Njia ya kusogezwa ilikuwa na urefu wa takriban maili 11,500, yaani kama kilomita 18,500.

Wasimuliaji wengi hupenda zile siku mbili. Mimi naona kazi yenyewe ilifanyika kabla yake, na siku hizo zilikuwa za kumalizia tu.

Tazama taruma moja la mbao. Reli imekaa juu yake miaka kadhaa, uzito wa treni umeididimiza, na mbao ya pembeni imebaki juu kama kizingiti. Ukiisukuma reli inchi 3 kwenda ndani, itapanda kizingiti hicho na kulala upande. Kwa hiyo wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, magenge ya reli yalipita na tezo kuchonga kila taruma upande wa ndani, ili reli iteleze na kukaa sawa. Kisha wakapima na kugongelea misumari mipya ya ndani mahali hasa ambapo kitako cha reli kingekuja kuishia. Treni ziliendelea kupita juu ya misumari hiyo bila kuigusa, kwa kuwa ukingo wa gurudumu hushuka kama inchi moja tu chini ya uso wa reli, na kichwa cha msumari kiko chini zaidi. Misumari ya zamani ya ndani nayo ilipunguzwa, ikabaki ile tu ya kushikilia njia kwa siku chache.

Siku ilipofika, ilibaki kung'oa misumari hiyo michache, kuisukuma reli moja kwa mitalimbo mpaka igote kwenye misumari mipya, kisha kugongelea ya nje. Hakuna aliyehitaji kupima upya, maana msumari ulishakuwa kipimo. Hata hivyo hawakupigilia kila taruma siku hiyo. Walipigilia ya kutosha treni kupita, mengine yakasubiri. Penye kona kulikuwa na hesabu zaidi: ukisogeza reli ya nje ya kona ya nyuzi 90 kwa inchi 3, inazidi urefu kwa karibu inchi 5, na lazima kipande kikatwe.

Kampuni ya reli ya Louisville and Nashville, yenye njia ya karibu maili 2,000, iliingiza kazini zaidi ya watu 8,000, wastani wa watu wanne kwa maili. Katika magenge ya kusini wengi walikuwa Wamarekani Weusi, na bila mikono yao iliyozoea mtalimbo mpango wa Atlanta ungebaki karatasini.

Mabehewa na vichwa vya treni vilikuwa fumbo gumu zaidi, kwa sababu havikuweza kuwa na upana wa aina mbili kwa wakati mmoja. Karakana zilianza mapema kuandaa ekseli ambazo magurudumu yake yangeweza kusogezwa ndani. Mabehewa mengine yalibadilishwa kabla na kuegeshwa kwenye vipande vya reli ya upana mpya, yakisubiri njia iyafuate.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshafikiria Kidatu, ambako reli ya TAZARA ya milimita 1,067 inakutana na ile ya zamani ya milimita 1,000, na mzigo hauwezi kuvuka bila kuhamishwa. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya zile inchi 3, ambazo ni milimita 76. Mbona nasi tusisogeze? Jibu limo kwenye taruma. Mbao hukubali msumari popote unapotaka. TAZARA ilijengwa kwa mataruma ya zege, ambayo kikalio cha reli na vifungio vyake hupangwa kiwandani, kwa hiyo kubadili upana ni kubadili mataruma yenyewe. Kwa gharama hiyo, mhandisi mwenye akili atafikiria kwanza winchi ya makontena.

Na baada ya inchi 3, nani alifaidi? Mzigo mwingi ulihama kutoka meli za pwani kwenda reli, kama ilivyotarajiwa. Lakini makampuni ya reli na meli za kusini yalikuwa na chama cha kupanga bei kwa pamoja tangu 1875, na uchambuzi wa kiuchumi wa kumbukumbu zake umeonyesha kuwa nauli za mizigo hazikushuka. Walioweza kukubaliana siku za kung'oa misumari walikuwa na mazoea ya kukubaliana bei pia. Ile nusu inchi iliyosalia iliondolewa polepole katika miaka iliyofuata, kila njia ilipofanyiwa matengenezo ya kawaida.