Video za baiskeli Veluwe: picha nzuri, sayansi kiduchu

Kila mwaka Agosti ikielekea ukingoni, mtandaoni humiminika video za aina moja kutoka Veluwe, eneo la misitu, mchanga na maua katikati ya Uholanzi. Droni inapaa juu ya misonobari, muziki unatulia, halafu ghafla uwanda mzima umegeuka zambarau. Katikati kuna kijinjia cheupe, na juu yake mtu mmoja anakanyaga baiskeli ya changarawe. Kwa umbo, baiskeli hizi zinafanana na zile za mashindano ya barabarani, usukani umepinda kuelekea chini, ila tairi zake ni pana, mara nyingi milimita 40 au zaidi, na hazijazwi upepo mwingi ili zimudu kokoto, mizizi na mchanga. Maandishi yanayoambatana na video huwa yaleyale: pori asilia, halijaguswa, tumepita bila kuacha alama.

Mimi nasoma jirani na eneo hilo na huendesha huko, kwa hiyo video hizi nimezitazama nyingi, na nyingine nimezirudia kwa raha zangu. Hoja yangu ni kwamba zinaonyesha mandhari kwa ustadi mkubwa, lakini mambo mawili makuu zinayoyasema kuhusu mandhari hiyo si ya kweli, na uongo huo una gharama.

Tuanze na haki yao. Bora kati ya hizi video huweka maikrofoni karibu na gurudumu. Tairi likitoka kwenye changarawe na kuingia mchangani, mkwaruzo unageuka kuwa mnong'ono, na mwendeshaji anapungua kasi bila kupenda. Hapo umefundishwa jiolojia bila kuingia darasani. Vilima vya Veluwe vilisukumwa na barafu miaka ipatayo 150,000 iliyopita, na mchanga mwingi wa juu ukaletwa baadaye na upepo. Ni udongo maskini, usioshika maji wala rutuba. Ukiusikia chini ya tairi umeshaelewa nusu ya ikolojia yake.

Nusu ya pili ndiyo inayopotoshwa. Uwanda ule wa zambarau, ambao Waholanzi huuita heide, umefunikwa na kichaka kifupi kiitwacho Calluna vulgaris. Si pori lisiloguswa hata kidogo. Ni zao la watu na kondoo wao. Kwa karne nyingi wakulima walichuna tabaka la juu la heide, mimea na mizizi yake, wakalitandika kwenye mazizi. Likishakolea mkojo na samadi, walilisambaza mashambani. Yaani rutuba ilihamishwa kutoka uwandani kwenda shambani, mwaka baada ya mwaka, na kilichostawi nyuma ni kile tu kinachovumilia njaa. Palipochunwa kupita kiasi, mchanga ulianza kutembea. Kootwijkerzand, ule uwanja wa mchanga unaopendwa sana na droni, ni kovu la matumizi hayo.

Mbolea ya viwandani ilipoenea, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kazi ile ikakosa maana, na sehemu kubwa ya heide ikapandwa misonobari. Kwa hiyo hata msitu wa mwanzo wa video, kwa sehemu kubwa, ni shamba la miti. Na heide iliyobaki haijitunzi. Isipochungwa, isipokatwa wala kuchomwa, miti huota, na baada ya miongo michache zambarau inakuwa imekwisha.

Gharama ya kuiita asilia ni hii: mtazamaji aliyeaminishwa kwamba pori halijaguswa ataona wahifadhi wanang'oa misonobari michanga na atapiga kelele kwamba wanaharibu mazingira. Kondoo wakipita atadhani ni mapambo ya watalii. Kumbe hao ndio wafanyakazi.

Jambo la pili ni hilo la kutoacha alama. Hapa kuna ukweli kidogo. Anayebaki njiani hakanyagi mengi. Anayekata kona kupita kwenye heide anaweza kufanya madhara asiyoyaona. Mmoja wa wakazi wa uwanda huu wakati wa kiangazi ni kirukanjia wa Ulaya, ndugu wa wale ndege wanaolala katikati ya barabara zetu za vumbi usiku na kuruka gari likishawafikia. Hutaga chini, bila kujenga kiota, akitegemea rangi yake ifanane na majani makavu. Akishtuliwa mchana, mayai yanabaki wazi kwa kunguru. Kwenye heide za kusini mwa Uingereza watafiti waliona kuwa viota vilivyoshindwa vilikuwa karibu zaidi na njia za watu. Na ndege huyu si wa Wazungu peke yao, kwa sababu msimu wa baridi wao humkuta huku kwetu, kusini mwa Sahara.

Lakini tuseme ukweli: tairi si adui mkuu wa Veluwe. Adui mkuu haonekani kwenye kamera yoyote. Ni nitrojeni, hasa ile inayotoka kama amonia kwenye samadi ya mifugo, pamoja na moshi wa magari na viwanda. Magharibi mwa Veluwe kuna bonde lililojaa kuku, nguruwe na ndama, na upepo huvuma zaidi kutoka upande huohuo. Heide kavu huhimili nitrojeni isiyozidi takriban kilo 15 kwa hekta kwa mwaka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, kwa hiyo kikomo hicho ni kama theluthi mbili za mfuko. Kwa mkulima wa mahindi Mbeya au Trans Nzoia hicho ni kiasi kidogo. Kwa mmea uliozoea njaa ni kingi, na sehemu kubwa ya Veluwe hupokea zaidi ya hapo. Nyasi hushiba, hurefuka na kuifunika Calluna.

Nitrojeni hiyo pia huongeza tindikali ardhini, na kalsiamu husombwa na mvua. Mwaka 1994 Jaap Graveland na wenzake walieleza katika jarida la Nature yaliyofuata: kwenye misitu ya udongo maskini konokono walipungua, na Parus major, ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na kifua cha njano, akaanza kutaga mayai yenye maganda mabovu. Ndege huyu hutaga yai moja kila siku kwa siku nane au tisa, na mwili wake hauna akiba ya kalsiamu ya kutosha. Huitafuta kwenye magamba ya konokono. Alipoongezewa kalsiamu, maganda yalipona.

Sasa rudi kwenye kile kijinjia cheupe. Njia nyingi za zamani za baiskeli Uholanzi zilimwagwa makombe ya baharini yaliyosagika, ambayo ni kalsiamu kabonati. Kandokando yake tindikali hupungua, na mimea inayopenda chokaa huota mahali ambapo peke yake isingeota. Alama basi ipo, na mwendeshaji anapita juu yake kilomita nzima akidai haipo.

Tarehe 29 Mei 2019 Baraza la Taifa la Uholanzi, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, lilibatilisha mpango wa serikali uliokuwa ukiruhusu vibali vya nitrojeni karibu na hifadhi kama hii. Ujenzi ukakwama, na Oktoba wakulima wakaingia The Hague na matrekta. Riziki za watu zimo humo, pamoja na ndege, maua na konokono. Video ya dakika kumi haiwezi kubeba yote hayo. Inaweza, hata hivyo, kusimamisha baiskeli kwa sekunde ishirini mahali nyasi zilipoimeza heide na kutuonyesha mpaka wake. Inaweza kumwacha mchungaji ndani ya picha.

Hilo linatuhusu hata sisi. Tangu 2021 Maasai Mara kuna mashindano ya Migration Gravel Race, na picha zake zinatazamwa dunia nzima. Savana ile nayo imeumbwa na moto, wanyamapori na ng'ombe wa Wamaasai. Mpiga picha wa huko ana uamuzi uleule wa kufanya: ng'ombe na mchungaji wake wabaki kwenye fremu, au wangojewe wapite kwanza ndipo droni ipae.